Kamera mpya ndogo isiyo na kioo: tutazame nini kabla ya kuhesabu megapikseli

Mleta uzi

Wakuu, salaam nyingi kwenu.

Kila jina la siri la kamera ambayo haijatangazwa linapojitokeza kwenye orodha za mamlaka zinazoidhinisha vifaa vya mawasiliano yasiyotumia waya, mjadala wa kamera ndogo huamka upya, na hazipiti siku mbili kabla kila mmoja wetu hajaijaza kamera hiyo kwa yote anayoyatamani. Nimezisoma orodha hizo mara nyingi. Hueleza kwamba kifaa kina Wi-Fi na Bluetooth, hutaja masafa yanayotumika, na huishia hapo. Hazitaji kihisi (sehemu inayopokea mwanga na kuunda picha), hazitaji kidirisha cha kuchungulia, wala uzito. Kwa hiyo uzi huu hautabashiri jina wala tarehe. Ninataka tuzungumzie jambo ambalo naona linasahaulika kila mara, nalo ni kwamba kamera haipungui bure. Kila gramu inayotoka huondoka na kitu fulani, na sisi tunaoisubiri tunapaswa kujua ni kitu gani, na kama kazi zetu zitaweza kwenda bila hicho.

Kwa ndugu ambao ni wageni katika mambo haya, naomba nianze na kioo chenyewe. Kamera za zamani za kubadilisha lenzi zilikuwa na kioo kilichokaa mshazari nyuma ya lenzi, kikirusha taswira juu hadi kwenye kidirisha cha kuchungulia. Ulipobonyeza kitufe, kioo kilinyanyuka, shata (pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye kihisi) ikafunguka, na ule mlio mnene tuliouzoea ukasikika. Kioo hicho kilihitaji nafasi ya kupanda na kushuka. Ndiyo maana katika mfumo wa Canon EF umbali kutoka kitako cha lenzi hadi kwenye kihisi ulikuwa 44 mm, ilhali kwenye Sony E ni 18 mm na kwenye Nikon Z ni 16 mm. Kamera nzima ikawa nyembamba kwa sababu chumba kimoja ndani yake kilibomolewa.

Mwaka 2008 Olympus na Panasonic walitangaza mfumo wa Micro Four Thirds, yaani kamera na lenzi za kihisi kidogo, na mwaka huohuo Panasonic wakatoa G1, ambayo kwa umbo ilikuwa bado inafanana na kamera ya kioo iliyopunguzwa. Olympus E-P1 ilifuata mwaka 2009 ikiwa bapa, bila kidirisha cha kuchungulia. Mwaka 2010 Sony wakaingia na NEX-5, wakaweka kihisi kikubwa cha APS-C (ukubwa uliotumika kwenye kamera nyingi za kioo) ndani ya mwili mdogo kiasi kwamba lenzi ilionekana kama ndiyo iliyobeba kamera. Kisha mwaka 2013 ikaja Panasonic GM1, ambayo mpaka leo naitaja kila mjadala huu unapoanza, kwa sababu ilikuwa na gramu 204 pamoja na betri na kadi ndani yake.

Tuitazame GM1 kwa makini, maana inafundisha zaidi ya kamera nyingi zilizokuja baada yake. Wahandisi wake waliunda shata ndogo mpya ili mwili uweze kuwa mwembamba kiasi kile, na gharama yake inaonekana wazi kwenye karatasi ya sifa: shata ya kimakanika iliishia sekunde 1/500, kasi ya juu kabisa ya kufanya kazi na flashi ilikuwa 1/50, na ukitaka kasi zaidi ilibidi uingie kwenye shata ya kielektroniki, ambayo haina pazia bali kihisi chenyewe huanza na kuacha kupokea mwanga. Hawakuficha jambo. Walichagua, na aliyenunua akiwa ameisoma karatasi ile alijua amechagua nini. Hicho ndicho ninachokitaka kutoka kwa kamera ijayo, kwa sababu siku hizi uchaguzi wa aina hiyo umekwenda mbali zaidi. Sigma fp ya mwaka 2019 haina kabisa shata ya kimakanika. Panasonic S9 ya mwaka 2024 haina shata ya kimakanika, haina kidirisha cha kuchungulia, na sehemu iliyo juu yake inayofanana na ya kubandika flashi haina umeme, kwa hiyo flashi haiwaki.

Wapo watakaouliza kama shata ya kimakanika ina haja gani zama hizi. Naomba niwasimulie.

Niliwahi kupiga picha tamasha la kwaya ndani ya ukumbi uliokuwa na taa za LED. Kwa kuwa sikutaka mlio wa kamera uingilie nyimbo za taratibu, niliweka shata ya kielektroniki ambayo haitoi sauti hata kidogo, nikapiga kwa sekunde 1/250 ili mikono ya mwongoza kwaya isije ikafifia. Kwenye skrini ndogo ya kamera kila kitu kilionekana chema. Nilipozifungua picha kwenye kompyuta usiku ule, nilikuta kwamba mashati meupe ya waimbaji yamekatwa na mistari ya giza iliyolala, kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine, na mmoja ulipita sawasawa juu ya macho ya mwimbaji kiongozi. Nikaihesabu: mistari mitano. Picha iliyofuata nayo mitano, isipokuwa ilikuwa imesogea chini kidogo. Hakuna programu niliyoijaribu iliyoweza kuifuta bila kuharibu rangi ya ngozi.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Kihisi cha kawaida hakisomwi chote kwa mara moja. Kinasomwa mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, na kwenye kamera nyingi ndogo usomaji huo unaweza kuchukua karibu sekunde 1/20. Umeme wa mzunguko wa 50 kwa sekunde huzifanya taa hafifu za LED zififie na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Gawanya 100 kwa 20, utapata mistari mitano, ileile niliyoihesabu kwenye mashati ya waimbaji. Shata ya kimakanika inafunika kihisi kwa pazia linalopita ndani ya takriban sekunde 1/250, kwa hiyo taa haipati muda wa kufifia na kung'aa mara kadhaa ndani ya picha moja. Kuna njia ya kujiokoa, nayo ni kuweka 1/100 au 1/50 ili kila mstari upokee mizunguko kamili ya taa, lakini mikono ya mwongoza kwaya haisubiri 1/50.

Kutokana na hayo, sifa ya kwanza ninayoitazamia kwenye kamera ndogo mpya ni kasi ya kusomwa kwa kihisi. Teknolojia ipo. Sony a9 ilikuja mwaka 2017 ikiwa na kihisi cha tabaka, ambacho kumbukumbu imebandikwa nyuma ya kihisi chenyewe ili data itoke haraka. Nikon Z9 ya mwaka 2021 iliondoa shata ya kimakanika bila wapiga picha wa michezo kulalamika, kwa sababu kihisi chake kinasomwa haraka kiasi cha kutosha. Sony a9 III, iliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2023, inasoma pikseli zote kwa pamoja. Zote hizo ni kamera kubwa za daraja la juu, na hapo ndipo penye utata: kamera kubwa zimeondolewa shata baada ya kupewa kihisi chenye kasi, ilhali baadhi ya kamera ndogo zimeondolewa shata na kuachiwa kihisi kilekile cha polepole. Mtengenezaji akiniletea kamera ndogo yenye kihisi cha tabaka, niko tayari kuiaga shata. La sivyo, shata ibaki.

Kidirisha cha kuchungulia nitakitaja kwa ufupi kwa kuwa najua kila mtu ana msimamo wake. Juani, skrini ya nyuma hugeuka kuwa kioo cha kujitazama uso. Ninataka kidirisha, na sitadai kikubwa: chenye nukta milioni 2.36, yaani 1024 kwa 768 zikizidishwa mara tatu kwa ajili ya rangi nyekundu, kijani na bluu, kinanitosha. Ninachokiomba ni kwamba kisiwe cha aina ile inayoonyesha rangi tatu moja baada ya nyingine kwa zamu, kama kilivyokuwa kwenye Panasonic GX80. Ukihamisha jicho haraka kutoka pembe moja hadi nyingine, kingo za vitu vyeupe humwagika vipande vyekundu na vya kijani, na kwa baadhi yetu jicho huchoka mapema.

Kuhusu mfumo wa kutuliza mtikisiko ndani ya kamera, tuna mfano mzuri wa kujifunzia. Fujifilm X-E4 ya mwaka 2021 ilikuwa na gramu 364. Mfumo huo haukuwemo, na mtengenezaji aliondoa hata gurudumu la nyuma na swichi ya kuchagua aina ya fokasi. X-E5 ya mwaka 2025 imekuja na kihisi cha megapikseli 40 na utulizaji wa mihimili mitano (yaani dhidi ya mitikisiko ya aina tano), na uzito wake ni gramu 445. Tofauti ni gramu 81. Binafsi nazikubali gramu hizo kwa moyo mweupe, kwa sababu jioni, lenzi ndogo isiyo na utulizaji wake yenyewe hunilazimisha kupandisha ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) ambayo nisingeihitaji kama kihisi kingekuwa kimetulizwa. Magurudumu na swichi nayo yarudi. Kamera ndogo yenye vitufe vitatu na menyu ndefu humfanya mpiga picha asome wakati alipaswa kutazama.

Betri isiwe kisingizio tena. Sony a7C ilionyesha mwaka 2020 kwamba kamera ya gramu 509 yenye kihisi kamili (cha ukubwa wa fremu ya filamu) inaweza kubeba betri ya NP-FZ100 yenye mAh 2280, na ikapata picha 740 kwa kipimo rasmi cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, ukitumia skrini. GM1 yangu pendwa ilipata 230. Kuchaji kwa USB-C hakuna haja ya kukubishia hodi, maana sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024 inazilazimu kamera mpya zinazouzwa huko kuwa nayo, na watengenezaji kwa kawaida hawatengenezi mwili mwingine kwa ajili ya dunia iliyobaki.

Sasa nifike kwenye lenzi, ambako naamini ndiko kamera ndogo nyingi zimekufia. Ukubwa wa kamera ni ukubwa wa kamera ikiwa imevaa lenzi. Hakuna anayetembea na mwili mtupu. Sony a7C II ina gramu 514, nayo inasifiwa kwa udogo. Ivishe lenzi ya 24-70 mm f/2.8 GM II (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa) yenye gramu 695, utapata gramu 1209, na lenzi itaing'ang'ania dunia hadi kamera isimame kwa pua pale juu ya meza. Ivishe 40 mm f/2.5 yenye gramu 173, utapata gramu 687 na kamera ambayo unaweza kusahau kwamba umeibeba begani. Mwili ni uleule. GM1 ilitoka pamoja na lenzi ya 12-32 mm yenye gramu 70 na urefu wa 24 mm tu ikiwa imekunjwa, na ni lenzi ile iliyoifanya ile kamera iwe jinsi ilivyo. Mtengenezaji atakayetangaza mwili mdogo peke yake, akiahidi lenzi ndogo baadaye, atakuwa ametangaza nusu ya kamera.

Nikon 1 ilizaliwa mwaka 2011 na kusitishwa mwaka 2018. Mfumo wa EOS M wa Canon ulianza mwaka 2012 na umekwisha kufungwa. Wanaomiliki kamera hizo bado wanapiga picha, lakini hakuna lenzi mpya kutoka kwa waliozitengeneza. Kwa hiyo, wakuu, tukiisubiri kamera ijayo tuulize pia: je, mdomo wake wa lenzi ni wa mfumo ambao mtengenezaji bado anauwekea nguvu?

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu mleta uzi, asante kwa andiko lenye kina. Ninakubaliana nawe kuhusu shata, lakini umezipita megapikseli kana kwamba ni pambo. Mimi natembea na lenzi moja ndogo isiyovuta, na mara nyingi sina namna ya kusogea karibu na ninachokipiga. Nikiwa na megapikseli 40 naweza kukata pembeni nikabaki na picha inayofaa. Kwangu mimi pikseli hizo ndizo zinazoniruhusu niache lenzi kubwa nyumbani, kwa hiyo zinaifanya kamera iwe ndogo zaidi kwa njia nyingine.

Mleta uzi

Ndugu yangu, hoja yako ni ya haki, na naipokea. Niongeze hesabu kidogo ili tujue tunapata kiasi gani. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ile ya megapikseli 40 ya Fujifilm hutoa 7728 kwa 5152. Kwa upana, ongezeko ni la takriban mara 1.29, kwa hiyo lenzi yako ya 23 mm itakatwa hadi ifanane na 30 mm hivi kabla hujashuka chini ya ile megapikseli 24. Ni msaada wa kweli, ila hauigeuzi lenzi pana kuwa ya kuvuta. Picha ya 6000 kwa 4000 ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi huwa na upana wa karibu nusu mita, na wengi wetu hatujawahi kuchapisha picha ya ukubwa huo hata mara moja.

Linalonitia wasiwasi ni kwamba mistari ikiongezeka kwenye kihisi ambacho hakijaongezewa kasi, usomaji huchukua muda mrefu zaidi, na tunarudi kulekule kwenye mashati ya waimbaji. Ukipewa megapikseli 40 pamoja na shata nzuri ya kimakanika, kama ilivyo kwenye X-E5, hakuna ugomvi.

Mchangiaji wa pili

Habari zenu wote. Nami nina neno kwa upande wa wanaopiga video, kwa sababu naona uzi umeelemea picha mnato. Ndugu mleta uzi, kidirisha cha kuchungulia unachokidai mimi sijakigusa kwa miaka mingi. Kamera yangu hukaa kwenye stendi au mkononi mbali na uso, na nafasi ile ningependa ipewe skrini inayogeuka mbele au njia bora ya kutoa joto. Joto ndilo adui yangu. Kamera ndogo ninayoitumia hujizima yenyewe katikati ya mahojiano, siku ya jua kali, nami hubaki nikimwomba mgeni arudie jibu ambalo alikuwa amelitoa vizuri sana mara ya kwanza. Marudio hayajawahi kuwa na uzito uleule.

Mleta uzi

Dada, pole sana kwa hayo. Umegusa jambo ambalo nilipaswa kuliandika tangu mwanzo, kwa kuwa linahusiana moja kwa moja na utulizaji wa mtikisiko ambao nimeusifia hapo juu. Kihisi kilichotulizwa huelea kikishikiliwa kwa nguvu za sumaku ili kiweze kusogea pande zote, na kitu kinachoelea hakiwezi kukandamizwa kwenye fremu ya chuma ya kamera ili joto lihamie huko. Joto linabanwa. Mwili ukiwa mdogo, chuma cha kulipokea ni kidogo, na eneo la nje la kulitawanya hewani ni dogo vilevile. Ndiyo maana kamera mbili zenye kihisi kinachofanana zinaweza kutofautiana sana kwa muda wa kurekodi.

Kwa kazi yako, kamera isiyo na utulizaji wa kihisi, inayokaa kwenye stendi, inaweza kukufaa kuliko ile ninayoililia mimi. Fujifilm X-M5 ya mwaka 2024 ni mfano wa njia hiyo: gramu 355, haina kidirisha, haina utulizaji wa kihisi, na skrini yake inageuka mbele. Mimi ningetamani mtengenezaji atoe miili miwili iliyotengwa waziwazi kwa njia hizo mbili, badala ya mwili mmoja unaojaribu kumridhisha kila mtu na kumnyima kila mtu kidogo.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, mbona hatujadili ukubwa wa kihisi chenyewe? Mjadala wote unadhania kwamba kubwa ni bora. Kihisi kamili kina 36 kwa 24 mm, sawa na milimita za mraba 864. APS-C ina takriban 366, na Micro Four Thirds takriban 225. Lakini lenzi hufuata kihisi. Mtu anayetaka udogo wa kweli, nionavyo mimi, anapaswa kuiombea Micro Four Thirds mwili mpya wa aina ya Panasonic GM5, wenye fokasi ya kisasa, na aachane na ndoto ya kihisi kamili mfukoni. Lenzi ya Panasonic ya 20 mm f/1.7 haizidi gramu 100. Nani anayo lenzi ya kihisi kamili ya uzito huo yenye f/1.7?

Mleta uzi

Mkuu, kwa GM5 tuko pamoja kabisa. Gramu 211, tena ikiwa na kidirisha cha kuchungulia, na tangu mwaka 2014 sijaona iliyoirithi. Ila kwenye ulinganisho wa lenzi naomba tuwe waangalifu, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Lenzi ya 20 mm f/1.7 kwenye Micro Four Thirds huona upana uleule wa 40 mm kwenye kihisi kamili, na kwa mwanga wote unaokifikia kihisi pamoja na jinsi nyuma ya mtu inavyofifia, ni sawa na f/3.4 huko. Kwa hiyo mshindani wake wa haki ni ile 40 mm f/2.5 ya gramu 173, ambayo inakusanya mwanga wa karibu mara 1.85 zaidi. Unaona kwamba uzito na mwanga vinakwenda bega kwa bega, na hakuna mfumo unaochota mwanga bila kulipa kwa gramu.

Faida ya kweli ya Micro Four Thirds, kwa maoni yangu, iko kwenye lenzi za kuvuta na kwenye kihisi chenyewe, ambacho kwa udogo wake ni chepesi kukituliza na ni rahisi kukisoma haraka. Olympus walitoa utulizaji wa mihimili mitano kwenye E-M5 mwaka 2012, wakati wengine walikuwa bado wanautafuta. Kuhusu fokasi, kilio cha zamani dhidi ya Panasonic, kwamba fokasi yao husitasita, kilianza kuisha mwaka 2023 walipoleta S5 II yenye fokasi ya kutambua tofauti ya awamu, inayojua mara moja lenzi isogezwe upande gani. Sioni sababu ya teknolojia hiyo kutoshushwa hadi kwenye mwili mdogo kabisa. Mwili wa GM5 wenye fokasi hiyo na kihisi kinachosomwa haraka ungenifanya niache kuandika nyuzi hizi.

Mchangiaji wa kwanza

Swali moja la mwisho, mkuu. Watengenezaji hawachapishi kasi ya kusomwa kwa kihisi. Karatasi ya sifa itakapotoka, na sisi hatujaishika kamera yenyewe, tutajuaje kama kihisi ni cha haraka au cha polepole?

Mleta uzi

Swali zuri sana, na jibu lipo kwenye mstari ambao wengi huuruka. Nenda kwenye sehemu ya flashi, utafute kasi ya juu kabisa ya kufanya kazi na flashi wakati wa kutumia shata ya kielektroniki. Flashi huwaka kwa muda mfupi mno, kwa hiyo ili picha nzima iangazwe, lazima kuwe na lahaza ambayo mistari yote ya kihisi, kutoka wa juu hadi wa chini, iko wazi kwa wakati mmoja. Na lahaza hiyo haiwezekani kama muda wa shata ni mfupi kuliko muda wa kukisoma kihisi. Hivyo basi tarakimu ya flashi inakupa makadirio ya kasi ya kusomwa kwa kihisi bila mtengenezaji kuitaja. Sigma fp imeandikwa 1/30, nawe papo hapo unakadiria kwamba kihisi chake kinasomwa kwa karibu sekunde 1/30. Nikon Z9, ambayo nayo haina shata ya kimakanika, imeandikwa 1/200 kama kasi ya kawaida, na hapo unaelewa kwa nini wapiga picha wa michezo hawakulalamika.

Ikiwa karatasi inasema kwamba flashi haifanyi kazi kabisa na shata ya kielektroniki, basi ichukulie kuwa ya polepole mpaka mtu aliyeishika athibitishe vinginevyo. Na huyo mtu atakayeishika, mwombeni afanye jambo moja dogo: asimame mbele ya nguzo iliyonyooka, aweke shata ya kielektroniki na kasi ya 1/1000, kisha apige picha huku akiigeuza kamera haraka kutoka kushoto kwenda kulia. Nguzo ikibaki wima, nijulisheni humu, nitakuja kusoma.